Wapangaji wa Nyumba Yetu Wenyewe

Siku ya pili baada ya arobaini ya Bi Zubeda, binti yake Mwajuma alinipigia simu akaniuliza kama ningeweza kwenda Kikuyu kupokea ufunguo wa chumba. Nilimwambia ufunguo haukimbii, akae nao hata mwaka mzima, lakini akasema hapana, mama yake aliacha maneno kwamba chumba kirudishwe kwa wenyewe kikiwa kimefagiliwa. Basi nikamwamsha mume wangu pale alipokuwa anasinzia barazani, nikamtafutia kofia yake, tukaondoka. Bi Zubeda alikaa kwenye chumba kile cha mbele, mkono wa kushoto ukiingia, kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitukuta pale, au niseme tulimkuta, maana alikuwemo kabla hatujainunua nyumba, na hakuhama hata tulipohama sisi. Baada ya nyumba ile tulinunua nyingine Hombolo, tukawapangisha wanafunzi wa chuo, na miaka hii ya karibuni tumejenga vyumba vinane upande wa Mtumba kwa ajili ya vijana wa wizarani. Vijana hao wanalipa kodi kwa simu, wanatoka alfajiri, na sijui hata wanakula nini. Siwalaumu. Lakini wanandoa wapya pale kanisani wakiniuliza inawezekanaje mume na mke wawe na nyumba za kupangisha bila kugombana, huwa nawaambia ukweli: tuligombana, tena sana, mwaka ule wa kwanza wa kupangisha, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya msumari mmoja.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ndoa yetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Aliyezaliwa juzi hawezi kujua furaha ya kuingia dukani na kukuta sabuni za rangi tatu zimepangwa tu hapo, hakuna foleni, hakuna wa kukuuliza wewe ni nani. Mitumba ilikuwa imefurika sokoni, na mimi na cherehani yangu tulikuwa hatupumui. Nilikuwa napunguza suruali za Wazungu wanene ziwatoshe wanaume wa Dodoma. Mume wangu Lameki alikuwa ofisa wa elimu ya watu wazima, na kabla ya hapo kwa miaka kumi alikuwa katibu wa tawi la chama. Watu wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hajawahi kuwafundisha kitu. Wakati wa ukatibu wake, miiko ya uongozi ilikuwa inamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na Lameki hakuishia kuitii miiko hiyo, aliipenda. Alikuwa akisimama pale uwanjani Kikuyu, shati limenyooka, anawaambia watu kwamba anayekula kodi ya nyumba ni kupe, amejishikiza mgongoni kwa mwenzake ananyonya. Nilimpendea hotuba hizo, sitaficha. Nilikuwa msichana, nasimama nyuma kabisa, nasema moyoni, huyu mtu anajua kupanga maneno.

Kisha miiko ikalegezwa, na zabibu za shambani kwetu Hombolo zikatoka vizuri misimu miwili mfululizo, na cherehani nayo haikulala. Mzee mmoja aliyekuwa amerudi kwao Kondoa kula uzee akawa anauza nyumba yake ya Kikuyu pamoja na wapangaji waliomo. Tulikwenda Kondoa, tukaandikishana mbele ya ndugu zake na karani, tukanywa chai, tukapanda basi la kurudi. Nilikuwa nimeikunja ile hati ndani ya kitambaa, nimeifunga kiunoni chini ya khanga. Nilitaka kuimba. Ndipo Lameki, macho yake dirishani, akasema kwa sauti ya chini, “Peresi, naomba kitu kimoja. Tuhamie pale kama wapangaji.”

Nilidhani anatania. “Wapangaji wa nani?”

“Wa mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba si wewe?”

“Usiseme kwa sauti,” akanong'ona, akaangalia kiti cha nyuma ambako kulikuwa na mama na kuku wake. “Wale ni watu niliowahutubia. Niliwaambia anayekula kodi ni kupe. Leo nikawaambie nini? Kwamba hata mimi nilikuwa kupe, isipokuwa tu nilikuwa sijapata ng'ombe?”

Nilicheka mpaka yule mama wa kuku akacheka naye bila kujua anacheka nini. Lakini Lameki hakuwa anacheka, na tulipofika Dodoma nilikuwa nimekwisha kukubali. Niliona itakuwa kwa mwezi mmoja, mpaka aibu impoe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa bado sijui aibu ya mtu mwadilifu inachukua muda gani kupoa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida ya mjini: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma uani penye choo, bafu, bomba la maji, na mwarobaini mmoja uliokuwa unaangusha majani yake ndani ya sufuria za watu. Chumba cha mbele alikaa Bi Zubeda na Mwajuma, ambaye alikuwa na miaka kama kumi. Bi Zubeda alikuwa mjane, mtu wa mjini kabisa. Mababu zake walikuja na misafara ya biashara wakapapenda hapa wakabaki, naye alikuwa akisema hivyo kama vile walifika juzi. Alikuwa anakaanga kalimati na vitumbua vya kuuza. Chumba cha pili alikaa Ramadhani Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa reli, mwenye sauti ya kuita treni irudi. Vyumba viwili vilikuwa na wauguzi wa hospitali, wasichana wanne wanaopokezana zamu na viatu. Kimoja kilikuwa stoo ya mwenye nyumba wa zamani, na kimoja, cha mwisho karibu na uani, kilikuwa wazi. Hicho ndicho tulichohamia, na kitanda chetu, na cherehani yangu, na picha yetu ya harusi kwenye fremu ya mbao aliyoichonga Lameki mwenyewe.

Lazima nimtendee haki mume wangu: hakusema uongo hata mara moja. Alikuwa mtoto wa katekista na ulimi wake haukuwa na njia hiyo. Alisema tu “mwenye nyumba amesema.” “Mwenye nyumba amesema kodi itapokelewa na mimi.” “Mwenye nyumba amesema bomba litatengenezwa Jumatatu.” Hakutaja jina wala mji. Habari ya kwamba mwenye nyumba mpya naye ni wa Kondoa, tena tajiri wa ng'ombe, tena mchoyo, wapangaji waliiongeza wenyewe. Na ili mwenye nyumba huyo aonekane mwenye nyumba wa kweli, Lameki aliandika masharti kwenye karatasi ngumu, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akayabandika koridoni kwa uji wa ngano. Sharti la kwanza lilikuwa hili: Mpangaji haruhusiwi kupigilia msumari ukutani.

Mwenye nyumba yeyote wa mjini ana sharti hilo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Wa kushangaa nilikuwa mimi. Niliposimama chumbani na fremu yangu mkononi, natafuta nyundo, Lameki alisimama mbele ya ukuta akanyoosha mikono kama askari wa barabarani. “Peresi, sharti la kwanza.”

“La nani?”

“Wakisikia nyundo chumbani kwetu watasema Mwalimu anawakataza wengine halafu yeye anapiga. Au wataelewa.”

“Waelewe!”

“Taratibu,” akasema, akaonyesha juu kwa kidole. Chumba hakikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya bati, na neno likitamkwa kwetu lilikuwa linapita juu hadi kwa Maganga. Kwa hiyo mwaka ule wote tuligombana kwa kunong'ona. Sijui kama umewahi kumtukana mtu kwa kunong'ona. Inachosha kuliko kulima. Picha ya harusi ikakaa mezani, imeegemea ukuta wetu wenyewe, na kila nikishona, cherehani ikitikisa meza, tulianguka kifudifudi, bwana harusi na bibi harusi, nikatuinua tena. Sikuwa nataka sifa, na kodi tulikuwa tunaiona. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mume wangu aseme “nyumba yetu” kwa sauti ya kusikika uani. Nilinunua msumari wa inchi tatu, nikaufunga kwenye kipande cha kitenge, nikauweka kwenye droo ya cherehani kuusubiri mdomo wake.

Pamoja na hayo, sijawahi kuwa na furaha kama mwaka ule, na nikiwa nimesimama leo kwenye vyumba vyetu vya Mtumba vyenye vigae na choo ndani, natamani moshi wa uani kwetu. Jioni kila mtu alitoa jiko lake nje. Sisi tulisonga ugali wa uwele na mlenda, wauguzi walipika wali wa haraka usioiva, Maganga alikaanga nyama yake peke yake huku anatusimanga. Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara, na kwa mtani hakuna tusi. “Mbukwenyi, Wagogo!” alikuwa akitusalimu kwa lugha yetu akirudi kazini. “Leo mmeomba wapi mpaka mkapata mlenda?” Na Lameki, mtu wa heshima mbele ya dunia nzima, alikuwa akimjibu, “Tumeukuta mlangoni kwako, tukasema mbwa wa Mnyamwezi hali mlenda, tuuchukue.” Bi Zubeda alikuwa anacheka mpaka unga unamwagika. Kisha mazungumzo yaligeukia kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ana wake watatu. Mwenye nyumba anaoga kwa sabuni ya kufulia. Mwenye nyumba haji kwa sababu ni mnene, basi la Kondoa limemkataa. Mimi nilikuwa nainamia sufuria nauma midomo, na Lameki anageuza ugali usiohitaji kugeuzwa.

Na kulikuwa na kalimati. Kila Ijumaa, akimaliza kukaanga, Bi Zubeda alijaza bakuli la enameli kalimati zinazotoka kwenye shira wakati huohuo, akalifunika kwa sahani, akamtuma Mwajuma mlangoni kwetu. “Mama anasema hizi ni za mwenye nyumba,” Mwajuma alikuwa akisema, macho chini. “Mmpelekee zikiwa bado za moto.” Nilipokea, nikashukuru kwa niaba, nikafunga mlango. Lameki ni mtu anayepiga vijiko vitatu vya sukari kwenye uji, na harufu ile ya hiliki ilikuwa inamtesa waziwazi. Lakini alikuwa akikataa.

“Hizi si zetu, Peresi.”

“Ni za mwenye nyumba. Mwenye nyumba nani?”

“Yeye amempa mtu wa Kondoa. Nikizila nitakuwa nimemdanganya yule mama kwa mdomo wangu, tena umejaa.”

“Basi panda basi umpelekee.”

Akafungulia redio. Mimi nikazila zote, moja baada ya nyingine, nikalamba vidole mbele yake kwa makusudi. Mungu anisamehe. Nilikuwa mkali kwake, na bado ninaona alistahili.

Mvua za kwanza zilipokuja, mwisho wa mwaka ule, zilikuja mchana, kwa kishindo kama kawaida ya kwetu, baada ya miezi ya vumbi. Watu walipiga kelele, wakakimbilia nguo na majiko na mabeseni. Nakumbuka nilisimama katikati ya uani nikilowa, nimeinua uso, nataka kuona bati linavuja wapi. Halikuvuja sana. Lakini ukuta wa uani, wa matofali mabichi, ulikunywa maji yale na mengine yaliyofuata, na baada ya wiki tatu ulikuwa umeinama kuelekea kwenye majiko yetu kama mzee anayesikiliza maneno yasiyomhusu. Maganga aliuegemeza kwa nguzo. Wauguzi wakahamishia jiko lao koridoni. Mimi nilimwambia Lameki, kwa kunong'ona, kwamba ukuta lazima uvunjwe na ujengwe mwingine wa matofali ya kuchoma. Akasema ndiyo, lakini akiita mafundi watu watauliza nani ameamuru. Nikamwambia waulize. Akasema, “Nipe muda.” Nilimpa mgongo.

Muda hakuwa nao tena, kwa sababu Bi Zubeda aliitisha mkutano. Jumapili moja mchana, tukitoka kanisani, tulikuta vigoda vimepangwa uani na wapangaji wote wamekaa. Bi Zubeda alikuwa na karai lake motoni, maana hakuwa mtu wa kukaa bure hata mkutanoni. “Jamani,” akasema, “huyu mwenye nyumba lazima aandikiwe barua. Na mimi napendekeza mwenyekiti wetu awe Mwalimu. Ndiye anayejua kusema na wakubwa.” Mikono yote ikapanda. Nilipandisha na mimi, nikampandishia na mume wangu macho. Lameki akaletewa karatasi na kalamu, akakaa katikati ya watu, akaanza kuandika kwa ule mwandiko wake: Kwa Mwenye Nyumba. Yah: Ukuta wa Uani. Sisi wapangaji wako tunakujulisha kwamba ukuta umeinama, na chini yake ndipo akina mama wanapopikia.

“Ongeza kwamba ni kupe,” Maganga akasema.

“Neno hilo ni zito, ndugu Maganga.”

“Zito? Si wewe uliyetufundisha pale uwanjani? Andika, Mgogo wee, wino si wako!”

Akaandika. Akawasomea barua nzima, na kwa kuwa alikuwa Lameki, aliisoma vizuri, kwa vituo na kwa kupandisha sauti, wakampigia makofi. Kisha akaingia nayo chumbani, akaiweka mezani karibu na picha yetu, akakaa kitandani. Nilifunga mlango, nikamwambia polepole, “Mwalimu, una barua.” Akacheka. Nami nikacheka, tukajiziba midomo kwa mto, machozi yakitutoka. Halafu ghafla akaacha kucheka, akasema, “Peresi, mimi ndiye niliyekaa pale nikaandika kwamba mwenye nyumba hana utu. Na kila neno ni kweli. Ukuta ukimwangukia Mwajuma nitamwambia nini Mungu?” Nilimshika mkono tu.

Wiki nzima alikuwa hali vizuri. Maganga akimwona alikuwa akiuliza, “Mwenyekiti, kupe amejibu?” naye anasema bado. Jumapili iliyofuata vigoda vikapangwa tena, karai likawekwa tena motoni, na Lameki akatoka chumbani na shati lake lililonyooka, lile la enzi za ukatibu. Nilijua. Nilisimama mlangoni.

“Ndugu zangu,” akasema, “mwenye nyumba amepata barua. Mwenye nyumba ni mimi.”

Kicheko kikalipuka. Maganga aliinama akashika magoti. “Jua limempiga Mgogo! Nani ana maji?” Muuguzi mmoja akasimama na huruma usoni, akasema, “Mwalimu, usijitoe mhanga kwa ajili ya mtu ambaye hata barua hajibu. Tunajua unataka kutupoza.” Lameki akasema ana hati, akaingia ndani, akatoka nayo. Maganga akaichukua, akaigeuza juu chini. “Mwandiko mzuri huu. Nani hapa mwenye mwandiko mzuri? Hii ameiandika mwenyewe!” Wakacheka tena. Mume wangu akasimama pale na karatasi yake, uso umemwiva, mtu aliyebeba aibu mwaka mzima akiogopa kuaminiwa, na sasa haaminiwi. Nilitaka kulia, na nilitaka kucheka.

Bi Zubeda hakuwa amecheka. Aliopoa kalimati za mwisho, akaweka mwiko chini, akajifuta mikono. “Mwalimu,” akasema, “mimi karatasi sizisomi. Ninachojua, mpangaji hagusi ukuta wa watu. Kama ukuta ni wako, ule pale. Uvunje.”

Kulikuwa na sururu ya Maganga nyuma ya choo. Lameki akavua shati, akalikunja vizuri, akanipa, maana hata siku ile hakuweza kulitupa tu. Akamwomba kila mtu asogee, akamhamisha Mwajuma na karai na kuku. Akashika sururu, akaangalia juu, akapiga. Pigo la kwanza lilitoa vumbi. La pili lilitoa tofali moja. La tatu, ukuta mzima ukakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, na mbele yetu pakabaki wazi, tukawa tunawaona majirani na wao wanatuona, mabakuli mkononi. Lameki akageuka, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kiunoni, akasema kwa sauti ya uwanjani ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuoane, “Nyumba hii ni yetu. Yangu na ya Peresi. Na ukuta nitaujenga.”

Nilipiga vigelegele. Nilivipiga mpaka koo likakauka, majirani wakaitikia bila kujua kuna harusi gani.

Maganga ndiye aliyefungua mdomo kwanza. “Toba! Kumbe kweli. Mgogo amekuwa kabaila!” Na kwa kuwa mtani ana haki ya kumtoza mtani wake kwa kosa kubwa kama hilo, akamkimbilia jogoo wetu, akamkamata, akamchinja kwa bismillahi ili Bi Zubeda naye ale, akatangaza kwamba mwenye nyumba amelipa faini na mambo yamekwisha. Ukapikwa wali, wauguzi wakazuiwa kuugusa, tukala uani pasipo na ukuta, upepo wa alasiri unatupiga, na majirani wakaja na vyao. Ile barua Bi Zubeda aliiomba akaitia motoni chini ya karai. Kabla jua halijazama Lameki alichukua kalamu nyekundu akakata sharti la kwanza pale koridoni. Kisha akaja chumbani, akafungua droo ya cherehani bila kuniuliza, kumbe siku zote alijua, akautoa msumari wangu kwenye kitenge. Aliupiga kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika. Alijigonga dole gumba, akasema “nyumba yetu” na “uwii” kwa pumzi moja, na upande wa pili wa ukuta Maganga akapaza sauti, “Mpangishaji, punguza kelele!”

Ukuta ulijengwa kwa wiki mbili. Lameki alinunua matofali, na wapangaji wote walichota maji na kukoroga udongo bila kuitwa. Kodi haikupanda mwaka ule, wala uliofuata. Tukajifunza kazi, yeye akiandika stakabadhi na kusema na mafundi, mimi nikisikiliza bati na ugomvi wa watu, na hivyo ndivyo tunavyofanya hadi leo. Kitu kimoja tu kilinisikitisha. Ijumaa iliyofuata kalimati hazikuja. Nilipomuuliza Bi Zubeda kwa mzaha, alisema mwenye nyumba sasa yuko karibu, akizitaka atatoka nje atanunua kama wengine. Lameki akatoka akanunua, na tangu hapo alinunua kila Ijumaa.

Hayo yote nilikuwa nayafikiria juzi nikiwa nimesimama katika chumba cha mbele, kitupu, kitanda kimevuliwa godoro. Mwajuma, ambaye sasa ni mama wa watu wazima, alikuwa amemaliza kufagia. Akaufunga mlango ili azoe takataka za nyuma yake. Kwa miaka thelathini na zaidi nimeingia chumba kile na sikuwahi kuuona mlango ukiwa umefungwa, maana Bi Zubeda hakufunga mlango mgeni akiwa ndani. Nyuma ya mlango, usawa wa bega, kulikuwa na msumari. Wa zamani, umeota kutu, na chini yake ukuta umechorwa duara jeusi na tasbihi iliyoning'inia pale miaka yote.

“Nisamehe, Mama Amani,” Mwajuma akasema, kwa jina la mwanangu wa kwanza. “Nilitaka niung'oe nipazibe kabla hujafika.”

“Aliupiga lini?”

Akacheka, akaziba mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni. “Siku ya mvua ya kwanza, ule mwaka mliohamia. Alikuwa akishuku tangu mlipohamia, siku ile ndiyo alihakikisha. Sote tulikuwa tunakimbilia vyombo na nguo. Wewe ulisimama katikati ya uani unaangalia paa. Mama akaniambia, ‘Mwajuma, mpangaji huangalia vyombo vyake. Mwenye nyumba ni yule binti. Niletee nyundo.’ Nikamwambia, si wamekataza? Akasema, ‘Mumewe hawezi kumfukuza hata kuku.’”

Nilikaa kwenye mbao za kitanda. “Alijua. Na hakusema?”

“Alinikataza nisiseme. Alisema Mwalimu ana neno limemkwama kooni, na neno la namna ile lazima mtu alitoe mwenyewe. Ila kila Ijumaa alikuwa akisema, ‘Ngoja nimpelekee kitu cha kulilainisha.’”

Nikakumbuka sahani juu ya bakuli, mvuke unatoka pembeni, zikiwa bado za moto. Kondoa ni safari ya nusu siku kwa basi la wakati ule. Nikakumbuka nani aliitisha mkutano, nani alimpendekeza mwenyekiti, nani alisema uvunje. Nilianza kucheka na nikashangaa kuona machozi yanaanguka juu ya mikono yangu, na nilitaka sana, kuliko nilivyowahi kuutaka ule msumari wangu, Bi Zubeda aingie pale mlangoni nimshike miguu.

Aliyeingia ni Lameki. Alikuwa amesikia yote kutoka koridoni, kofia mkononi. Aliusogelea ule msumari, akaupapasa kwa dole gumba lake.

“Kwa hiyo zile kalimati,” akasema hatimaye.

“Zilikuwa zetu,” nikamwambia.

Akaivaa kofia, akaivua tena. “Mwaka mzima, Peresi,” akasema. “Na mimi sikula hata moja.”